Maoni: Ampli ya kukoroma na kidole cha mpiga solo

GOMA – Kikundi cha vijana waliokimbia vita na kuacha vyombo vyao kijijini kinapoanza tena kuchanga franga ili kununua ampli moja ya gitaa, kosa la kuchagua vibaya halisahihishwi kwa urahisi. Dola zilizokusanywa polepole zinatoka mara moja tu. Ndiyo maana ule ubishi wa korali na bendi za kartiye, kwamba ampli nzuri ni ile yenye geini kubwa kupita zote, unastahili kujibiwa kabla mtu hajashuka Birere na pesa za wenzake mfukoni.

Geini si ukubwa wa sauti. Ni kiasi ambacho ampli inaisukuma sauti ndogo ya nyuzi mpaka inapita uwezo wa taa au wa transista zilizo ndani. Ikipita, vilele vyake vinakatwa, na hapo ndipo unazaliwa ule mkoromo ambao wapiga roki wa Uingereza na Marekani wanaupenda. Lakini kunakuja pia jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi: noti iliyopigwa kwa nguvu na ile iliyoguswa kidogo zinatoka karibu sawa, tena zinadumu. Kijana akijaribu ampli ya namna hiyo dukani dakika tano, anajiona bingwa. Mashine imemsawazishia mkono.

Hata hivyo, si haki kusema ampli hizi zote ni kelele moja. Anayezijua anazitofautisha hata akifumba macho, na tofauti kubwa iko kwenye vidole kuliko kwenye masikio.

Marshall JCM800, iliyotoka Uingereza mwaka 1981, leo haihesabiwi kuwa na geini nyingi. Inajibu haraka, sauti yake ya katikati iko mbele, na haimsamehe mtu: ukipiga ovyo, watu wote wanasikia ovyo. Kerry King wa kundi la Slayer alijulikana nayo. Mesa/Boogie Dual Rectifier ya Marekani, ya mwanzo wa miaka ya 1990, ni kitu kingine. Besi yake ni kubwa na imelegea. Ndani yake mpigaji anaweza kuchagua umeme upitie kwenye taa au kwenye dayodi. Akichagua taa, umeme unashuka kidogo kila anapopiga kwa nguvu, na noti inachelewa kuinuka, kana kwamba mkono unazama kwenye godoro. Wengine wanaipenda hali hiyo, wengine wanasema inawachosha.

Halafu kuna Peavey 5150, iliyotengenezwa pamoja na Eddie Van Halen na kuuzwa kuanzia mwaka 1992. Hii ina geini nyingi kweli kweli, lakini imekaza. Ukizuia nyuzi kwa kiganja, sauti inakatika papo hapo. Van Halen alipoachana na kampuni hiyo, ampli ikaendelea kuuzwa kwa jina la 6505. Kwa hiyo mnunuzi asikubali kulipa zaidi kwa kudanganywa kwamba 6505 ni mashine mpya kabisa.

Sasa, ni ipi inafaa kwa sebene? Kwa kweli hakuna, ikiwa geini imefunguliwa yote. Sababu yake wanakorali wanaweza kuielewa kwa solfa tu. Mpiga roki mwenye mkoromo mwingi hupenda kupiga do na sol pamoja, au do peke yake. Sauti hizo mbili zinapatana hata zikikatwa vilele. Gitaa la rumba, tangu siku za Franco na Docteur Nico, linatembea kwa do na mi, au mi na do ya juu, noti mbili mbili zikifuatana. Ampli inapokata vilele vya sauti mbili za namna hiyo kwa pamoja, inazaa sauti nyingine ambazo hakuna mtu aliyezipiga, na ule utamu unageuka matope. Weka mi-solo pembeni yake, na mwenye kusikiliza hajui tena nani anasema nini. Kijana anayelalamika kwamba watu hawachezi sebene yake akiwa na distosheni asiwalaumu watu.

Wapo watakaojibu kwa kutaja Konono No.1 wa Kinshasa, na jibu lao lina uzito. Kundi hilo la Mingiedi Mawangu lilipitisha likembe kwenye vikuza sauti vya kujitengenezea, kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipande vya magari ya zamani, na mkoromo uliotoka humo ukasikika duniani kwa albamu Congotronics ya mwaka 2004. Lakini likembe lile linarudia noti chache zilizopangwa kwa mdundo, na muziki wote ulijengwa juu ya mkoromo huo. Haukuongezwa siku ya Jumamosi kwa sababu kuna kitufe kipya.

Kuna kosa lingine linalosikika katika makanisa mengi: pedali ya distosheni kuchomekwa moja kwa moja kwenye miksaji ya kanisa, halafu sauti kutoka kama nyuki ndani ya kopo. Spika ya ampli ya gitaa haitoi vizuri sauti za juu sana, na kwa mkoromo hiyo ni faida, maana inachuja ule ukali. Bafle ya kanisa ina kile kispika kidogo cha juu kinachotoa kila kitu. Mara nyingi ampli inayotukanwa haina kosa.

Halafu suala la umeme, ambalo kwa familia zinazoishi kwa sola au kwa grupu ya kukodi ndilo lingefaa kutangulia. Ampli ya taa ya wati 100 inakula umeme mara mbili au tatu ya wati inazotoa. Iliyonunuliwa Marekani mara nyingi inataka volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 bila transfo, umeichoma. Isiwashwe kamwe bila bafle yake, maana inaweza kujiua. Na fundi wa kartiye asiifungue kwa ujasiri wa redio: ndani yake kuna volti zaidi ya 400, ambazo zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Wanaotaka kusikia mkoromo bila kujifilisi wanaweza kuanza na ampli ndogo kama Roland Micro Cube, inayotumia betri sita za kawaida za tochi. Toleo lake la kwanza lina wati 2 tu. Kitufe chake kina sehemu inayoiga Marshall na nyingine inayoiga Rectifier. Haitajaza kanisa, lakini chini ya hema inasikika, na mwanafunzi anaweza kuzijua tabia hizo mbili kabla ya kuzilipia.

Siku ya kwenda kujaribu, kikundi kimtume yule anayepiga kila Jumapili, na gitaa lake mwenyewe, si mjomba mwenye pesa. Sauti za ampli zote zisawazishwe kwanza, kwa sababu sikio huisifu ile inayopiga kwa nguvu zaidi, na muuzaji anajua hilo. Geini ianzie chini kabisa. Apige do na mi, polepole, kisha kwa nguvu, akiipandisha kidogo kidogo, na aishie pale ambapo mi imeanza kupotea.