Mstaafu, chagua jirani kabla ya kuchagua nyumba

Ndugu msomaji, kuna siku moja ambayo kila mfanyakazi huingoja kwa hamu na kuiogopa kwa siri. Ni siku anapokabidhiwa barua ya kustaafu, akapigiwa makofi, akapewa saa ya ukutani na blanketi, kisha akaenda zake nyumbani. Kesho yake huamka saa kumi na moja alfajiri kama ilivyo desturi yake, akaoga, akavaa, halafu akakumbuka kwamba hana pa kwenda.

Kuanzia asubuhi hiyo, mtaa anaoishi ndio utakuwa ofisi yake, klabu yake na, ikibidi, wodi yake. Ndiyo maana ninashikilia kuwa kuchagua pa kuishi baada ya kustaafu ni jambo la afya kwanza, na la ardhi na matofali baadaye. Wengi wetu hufanya kinyume. Huanza kwa ploti, wakaendelea kwa ramani ya nyumba, na habari ya zahanati huikumbuka usiku ule mgonjwa anapozidiwa.

Majuzi nilikuwa mjini Machakos, nikakaa kwenye benchi pamoja na wazee wawili waliokuwa wakingoja kupimwa shinikizo la damu. Wote wawili walikuwa walimu, na walistaafu mwaka mmoja. Mmoja alibaki katika nyumba yake ndogo ya zamani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kliniki. Mwenzake aliuza yake, akachukua malipo yake ya mkupuo na kujenga kwenye mtaa mpya ulio nje ya barabara ya Mombasa, wenye lango la chuma na ua wa umeme. Siku hiyo alikuwa ametoka kwake kabla ya jua kuchomoza na kubadilisha matatu mara mbili.

"Mzee mwenzangu," alimwambia rafiki yake, "nyumba yangu ina vyumba vitano, lakini tangu asubuhi hadi jioni mtu ninayezungumza naye ni askari wa lango."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Hakuwa akilalamikia umaskini. Alikuwa na maji ya bomba ndani, gari dogo na watoto wanaomtumia pesa. Alichokosa hakiuzwi pamoja na ploti.

Huko Marekani suala hili limekuwapo kwa muda mrefu. Mtaa wa Sun City, jimboni Arizona, ulifunguliwa Januari 1960 kwa ajili ya wastaafu, na tangu hapo mitaa ya aina hiyo imeenea. Hata huko, anayehamia hulazimika kuchagua: anunue nyumba katika sehemu mpya ambako kila mtu ni mgeni, au katika sehemu ya zamani ambako miti imekua na watu wanajuana? Kwetu mitaa iliyojengewa wazee peke yao ni nadra, lakini swali ni lile lile. Na kwa mkazi wa Nairobi anayetazama upande wa Ukambani, swali hili limeshabisha hodi mlangoni.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Upande mmoja kuna mji wa Machakos wenyewe, kiasi cha kilomita 65 kutoka Nairobi, chini ya vilima vya Iveti. Ni mji mkongwe uliopewa jina la mzee Masaku, na Waingereza walikuwa na kituo chao hapo kabla ya kuhamishia ofisi Nairobi mwaka wa 1899. Mitaa yake kama Mumbuni, Miwani na Eastleigh ya Machakos ina makanisa, misikiti, soko, shule, na ile hospitali kuu ambayo siku hizi ni ya kiwango cha tano.

Upande wa pili kuna tambarare ya Athi: Syokimau, Mlolongo, Athi River, Katani, Lukenya, hadi kukaribia Konza. Ardhi nyingi za vyama vya ufugaji kama vile Lukenya, Drumvale na Katelembo ziligawanywa kwa wanachama, na wanachama nao wakauza vipande. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka wa 2012, reli ya kisasa ikaja mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands ikaanza kutumika. Si ajabu mitaa mipya imechipuka huko kama uyoga.

Sitaki kuibeza mitaa hiyo. Hewa katika sehemu nyingine ni safi, ploti ni pana, na mtu anaweza kupanda sukuma wiki na kufuga kuku. Barabara za ndani zimenyooka, na kwa magoti yaliyochoka tambarare ni nafuu kuliko miinuko ya Machakos. Aliyeishi miaka 30 katika kelele za Eastlands ana haki ya kutamani utulivu. Hata hivyo, kuna mambo manne ambayo muuzaji wa ploti hatakuambia.

La kwanza ni umbali wa matibabu. Kiharusi hakisubiri matatu ijae. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya mgonjwa kupigwa picha ya kichwa. Hesabu mwenyewe. Ukiishi ndani kabisa ya uwanda, ikawa ni usiku, mvua imenyesha na ule udongo mweusi unanata kama gundi, saa ngapi zitapita kabla hujafika kwenye lami? Na ukifika, je, malori ya barabara ya Mombasa yatakupisha?

La pili ni maji. Visima vya tambarare ya Athi mara nyingi hutoa maji yenye chumvi na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi kwa miaka mingi hutia meno madoa, na ikiwa nyingi sana huumiza mifupa na viungo, jambo ambalo mzee hana haja ya kuongezewa. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua na floridi hubaki. Usinunue nyumba yenye kisima bila kuona cheti cha maabara kuhusu maji yake. Kwa wale wanaoangalia Athi River, ulizia pia upepo unatoka upande gani, kwa maana mji huo una viwanda vya saruji, na kifua cha mtu wa miaka 70 hakistahimili vumbi kama cha kijana.

La tatu ni mwendo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka wa 2020, walishauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na siku tatu wafanye yale ya kuimarisha mizani ya mwili ili wasianguke. Aliye karibu na soko, kanisa na mtengeneza viatu hupata dakika hizo bila kujua kwamba anafanya mazoezi. Aliyezungukwa na ua, ambaye hata chumvi huiagiza kwa bodaboda, hukaa kitini hadi miguu ikasahau kazi yake.

La nne, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni upweke. Mitaa mipya mingi ni ya watu wa makamo wanaofanya kazi Nairobi. Saa kumi na mbili asubuhi magari hutoka, na hurudi usiku. Mchana mtaa mzima hubakia kwa wasaidizi wa nyumbani, mbwa na mstaafu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilihusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Upweke huandamana na msongo wa mawazo, maradhi ya moyo na kupungukiwa na kumbukumbu. Tena mtu mpweke hula ovyo. Nani atapika muthokoi wa kula peke yake?

Kando ya hayo kuna hatari ambayo imewaliza watu hadharani. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, na Oktoba 2023 nyingine zikabomolewa Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wenye nyumba walisimama kando ya barabara wakitazama jasho lao likigeuka vifusi. Kijana anaweza kuanza upya. Mstaafu aliyemaliza malipo yake ya mkupuo ataanza na nini? Mshtuko wa namna hiyo ni ugonjwa kamili. Kwa hiyo nenda masjala ya ardhi, fanya upekuzi, tafuta wakili wako mwenyewe, wala si yule anayeletwa na muuzaji.

Basi, je, mtaa mkongwe ni pepo? La hasha! Machakos ina taabu ya maji ya mgao, na ukame ukizidi mabirika hukauka. Mitaa ya zamani ina mifereji ya majitaka iliyozidiwa, nyumba zilizogeuzwa maduka na baa zinazopiga muziki hadi usiku wa manane. Kuna nyumba zenye bafu la sakafu ya kuteleza, na mzee akianguka akavunjika nyonga huenda asisimame tena. Lakini haya mengi yana dawa: tangi la maji, kishikio ukutani, mkeka wa mpira, taa ya varandani. Ujirani uliochukua miaka 30 kujengeka hauuzwi dukani.

Wakamba wana neno mwethya, yaani watu kukusanyika kufanya kazi kwa ushirika. Ni kwa jembe la mwethya matuta yalichimbwa katika vilima vya Machakos hadi mmomonyoko wa udongo ukapungua. Mstaafu naye anahitaji mwethya wake: mtu wa kuuliza mbona dirisha halijafunguliwa leo, mtu wa kumkumbusha siku ya kliniki, mtu wa kubishana naye kuhusu siasa. Ukiwa nao hao tayari, usiwaache kwa sababu ya vigae na lango linalojifungua lenyewe.

Rai yangu ni hii. Kwa mtu anayestaafu akiwa na miaka 60, umri ambao serikali iliweka kwa watumishi wake mwaka wa 2009 badala ya 55, mtaa mkongwe uwe chaguo la kwanza, hata kama nyumba itakuwa ndogo. Ukishindwa kujizuia na mtaa mpya umekuvutia, usijenge mara moja. Panga nyumba huko mwaka mmoja, uonje masika na kiangazi. Tembea huko siku ya kazi saa nne asubuhi, si Jumapili unapoletwa na basi la wauza ploti, uone ni wangapi wanakusalimu. Uliza zahanati iko wapi, ina dawa za shinikizo na kisukari, na inapokea bima ya Halmashauri ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na ukijenga, jenga nyumba isiyo na ngazi.

Na wewe mwana unayesoma haya ukiwa ofisini Nairobi, nina neno nawe. Mara nyingi mzazi hahami kwa hiari, huhamishwa. Mwana humjengea mama jumba mahali panapomfaa mwana kupitia jioni, akadhani amelipa deni. Kabla ya kumng'oa mahali ambapo kila muuza mboga anamjua, mketishe umuulize, kisha umsikilize. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali. Heshima huanza kwa kumwacha aamue.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche. Tangu mwaka wa 2013 zahanati na hospitali zimo mikononi mwake, na ndiyo inayopitisha ramani za mitaa. Isiidhinishe nyumba mia mbili pasipo mahali pa zahanati, njia ya waendao kwa miguu na benchi chini ya mti. Wanaopitisha ramani hizo nao watazeeka.

Nilipoondoka kliniki siku ile, wale walimu wawili walikuwa wamekwisha kupimwa. Yule wa mtaa mpya hakuwa na haraka ya kurudi. Alifuatana na mwenzake hadi kwake kunywa chai, wakitembea polepole huku wakisimamishwa na salamu kila hatua kumi. Wahenga walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Ndugu msomaji, lifikirie neno hilo kabla hujatia sahihi.