Unaponunua Boti ya Okazio



Kijana mumoja aliniuliza: "Pasta, baba ametoka kazini kwa mugodi. Kwa feza yake ya mwisho tunataka kununua boti ya okazio kule Kilwa, ziwa Moero. Tuangalie nini?"

Mbele ya kulipa, linganisha namba ya moteri na karatasi. Muuzaji atie sahihi mbele ya washahidi. Kisha uandikishe boti kwa komiseri wa mito na maziwa. Sheria ya safari za majini iko tangu 1966.

Weka boti majini siku nzima bila muzigo, uone kama inavuja. Gusa ubao unaoshika moteri: umeoza? Mvuke wa esanse ni muzito kuliko hewa, unakaa chini ya boti. Acha upepo uutoe, ndipo uwashe.

Jile moja kwa kila mutu, watoto pia. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyojaa kupita kipimo ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Jamaa waliona kwa macho.

Basi kijana, siku watu watakusukuma, useme: "Imejaa, mungoje." Utapoteza nauli. Utalala usingizi.