Kijana Akisema: "Moyo Wanienda Mbio"

Juma hili tuzungumze juu ya jambo tunaloliona hata kanisani. Watu wamesimama kitambo kirefu, mara msichana mwenye nguvu zake anashika ukuta, uso umempauka, puu! yu chini. Akizinduka husema, "Moyo ulinienda mbio, nikaona giza." Hapo mmoja hunong'ona kwamba karogwa, baba yake asema ni uvivu. Tuyaache hayo, tumtazame mgonjwa.

Mtu asimamapo, damu nyingi huteremka tumboni na miguuni. Ili kichwa kisikose damu, mishipa hujikaza na moyo huongeza mwendo kidogo. Lakini maji au damu mwilini ikiwa haba, moyo hauna budi kwenda mbio, kama mtu atekaye maji kwa kata ndogo: lazima achote mara nyingi.

Sababu ni nyingi. Huenda kijana amelima juani bila kunywa maji, au anaharisha. Huenda damu imepungua kwa malaria, kwa minyoo ya safura iingiayo katika nyayo za wanaotembea pekupeku, au kwa damu ya mwezi itokayo nyingi mno. Huenda moyo wenyewe una kasoro: maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Wako tena vijana, hasa wasichana, wenye damu ya kutosha, lakini kwa miezi mingi moyo huwaenda mbio kila wasimamapo. Huo nao ni ugonjwa, na madaktari wanaujua.

Basi, wazazi, fanyeni hivi. Kijana alale dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika 1 nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 mpaka 100. Kisha asimame, mtu awe karibu asije akaanguka. Baada ya dakika chache hesabu tena. Yakizidi kwa 30 au zaidi, au kwa 40 ikiwa ana miaka 12 hadi 19, si jambo la kupuuza. Andika hesabu zote mbili, mwende nazo zahanati, damu yake ipimwe.

Akipatwa na kizunguzungu, mlaze chali, inua miguu yake, wala usimnyweshe kitu kabla hajazinduka vema. Kila siku anywe maji ya kutosha, ale maharagwe, dagaa na mboga za majani. Chai aiache mbali na chakula, maana huzuia madini ya kuongeza damu. Hata kabla ya Misa anywe maji: hayavunji mfungo wa Komunyo.

Lakini akianguka akiwa anakimbia, akiumwa kifua, akihema hata akilala, akivimba miguu, au moyo ukienda mbio naye ametulia, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nawe baba, kabla hujamwita binti yako mvivu, shika mkono wake uhesabu.