Wembanyama, rudi chini ya kikapu

Wasee, tusidanganyane: Victor Wembanyama ni moto. Mfaransa huyu, ambaye babake ana asili ya Congo, ana urefu wa mita 2.24. Msimu wake wa kwanza NBA, 2023-24, aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, wastani wa 3.6 kwa mechi. Ukimwendea na mpira, jipange.

Lakini kuna kitu kinaniboo. Msimu wa 2024-25 alirusha karibu mitupo tisa ya pointi tatu kila mechi, akifunga kama mmoja kati ya mitatu. Mtu mrefu hivyo anakaa mbali na kikapu akifanya nini? Najua, ni mwembamba na akisukumwa anayumba. Basi ajenge misuli, asihepe vita. San Antonio hawakumchagua wa kwanza 2023 ili asimame kwa mstari akingoja pasi.