Herufi tano na Kiingereza cha wodini

Niko huku Croydon. Baridi ipo, kazi ipo.

Leo nina neno kuhusu huu mchezo wa Wordle: unapewa nafasi sita kulipata neno la Kiingereza la herufi tano. Wakati wa mapumziko manesi wote wameinamia simu, wanatafuta neno lenye R katikati na E mwishoni (na "nurse" imo humohumo!). Halafu utasikia, "Ninyi mliojifunza Kiingereza shuleni mtaweza kweli?"

Jamani, kupanga herufi si kujua lugha. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015, na Kifaransa hasemi! Alikariri maneno ya kamusi, basi. Mwaka huohuo Mnigeria Wellington Jighere akawa bingwa wa dunia wa ile ya Kiingereza, Mwafrika wa kwanza.

Kiingereza chenyewe kiko wodini. Chukua "funny", herufi tano tu. Bibi wa miaka 80 akikwambia "I've come over all funny", hachekeshi mtu. Anajisikia vibaya ghafla, pengine kizunguzungu. Mkalishe haraka kabla hajaanguka, umpime presha. Hiyo hutaipata kwa kupanga herufi. Manesi mnaokuja kutoka nyumbani, chezeni tu, ila mkipata nafasi kaeni na wale wazee muwasikilize wanavyoongea.

Mlioko huku, ninyi mmekutana na maneno gani ya namna hii? Tuandikieni hapo chini.