Rosettenville: Kufaulu Kulikogeuzwa Kosa

Shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, Johannesburg, iliendeshwa na watawa wa Kianglikana. Oliver Tambo alisoma pale, akahitimu mwaka 1938 kwa daraja la kwanza, kisha akarudi kufundisha hisabati na sayansi. Matokeo ya namna hiyo yaliisuta serikali iliyokuja kudai kwamba Mwafrika anatosheka na elimu ya utumishi. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ikaweka sharti: kabidhini shule, au ruzuku ikome. Mwaka 1956 shule ikafungwa. Wapo wanaosema Kanisa liliwaadhibu watoto, na hoja hiyo si nyepesi. Walakini, kubaki kungekuwa kufundisha unyonge kwa jina la Mtakatifu Petro. Miaka miwili baadaye, mahali palepale, ikafunguliwa shule ya watoto wa Wazungu.