Nani Alisema Huku Ni Nyuma?

Kuna kipande cha karatasi huko Marekani, kidogo kiasi cha kutosha ndani ya pakiti ya sigara, ambacho Agosti 2022 kiliuzwa kwa dola milioni 7.25. Ni kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli aitwaye Honus Wagner, mojawapo ya kadi ambazo kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikizitia kwenye pakiti kati ya 1909 na 1911. Wapenzi wa fasihi msinikimbie, sijahamia ukurasa wa michezo. Nataka tuzungumze juu ya upande wa pili wa kadi za namna hiyo, maana huo upande wa pili ndio ulionitia hasira, na hasira yenyewe ni ya hapa Kigoma, siyo ya Marekani.

Mbele ya kadi kuna uso wa mchezaji. Nyuma kuna tangazo la sigara. Sura ileile ya mchezaji yuleyule inaweza kuwa na tangazo la Piedmont au la Sweet Caporal, na zipo chapa nyingine adimu kiasi kwamba mkusanyaji huigeuza kadi kabla hata hajamtazama mchezaji. Halafu ipo biashara nzima ya kuzipima kadi hizi. Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, hupokea kadi yako, huikagua, huipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa vigezo vyao, kadi ya alama 10 lazima picha yake ya mbele ikae karibu katikati kabisa, ila nyuma wanavumilia mpaka 75 kwa 25. Kadi ya alama 9 inaweza kuwa na doa dogo la nta nyuma, ile nta ya karatasi zilizofungia bigijii. Yaani nyuma inasamehewa. Lakini ukiibandua kadi kwenye albamu ya zamani na gundi ikaondoka na tabaka la karatasi, hata uso uking'aa kama umechapwa jana, kadi inaporomoka hadi alama za chini kabisa. Na kama kuna mtoto aliandika jina lake nyuma kwa penseli, kadi inaweza kupewa herufi MK, kumaanisha imechorwachorwa, na hesabu ya kawaida ni kuishusha ngazi mbili.

Waache na kadi zao. (Ingawa mimi, ningekuwa na hela, ningelipa zaidi kwa ile yenye jina la mtoto. Matangazo ya sigara yalichapwa kwa maelfu, mtoto yule alikuwa mmoja.) Kinachonikera ni kwamba akili hiyohiyo inatumika kupima postikadi zetu.

Ingia kwenye minada ya mtandaoni, tafuta Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar. Utakutana na orodha ya makosa kwenye maelezo ya muuzaji: imeandikwa nyuma, stempu imebanduliwa, kuna mabaki ya gundi, kona imechanika. Yote kwenye sentensi moja, yote yakishusha bei. Na ile inayosifiwa ni safi, haikutumika, nyuma nyeupe kama sanda. Mara nyingi hata picha ya huo upande hupewi, unaoneshwa mbele tu.

Mimi nasema orodha hiyo inachanganya vitu viwili visivyo ndugu. Kuandika nyuma ya kadi ni kuongeza. Kubandua stempu ni kupunguza. Mwenye kalamu ametuachia kitu, mwenye mkasi ametuibia, halafu wote wawili wanawekwa mahabusu moja!

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Reli ilifika Kigoma 1914. Mwaka uliofuata meli Graf von Götzen, hii ambayo leo ni Liemba, ikashushwa ziwani. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe na kuondoka, Wabelgiji wakaingia. Wakakaa hadi 1921, wakawapisha Waingereza. Sasa fikiria picha moja ya ufukwe wetu, imechapwa Ulaya, ikaletwa, ikakaa dukani miaka. Vilima ni vilevile, mitumbwi ni ileile. Ukiikodolea macho mbele hutajua nani alikuwa bwana mkubwa siku kadi ilipotiwa posta.

Igeuze. Kama stempu ina meli ya Kaisari na bei yake ni kwa heller, yupo Mjerumani, na si kabla ya 1905, kwa sababu hapo ndipo heller ilipochukua nafasi ya pesa kwenye stempu. Kama ni stempu ya Kongo iliyogongwa maneno juu yake, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyokaliwa na Wabelgiji, basi uko kwenye ile miaka ya 1916 na kuendelea, ambayo vitabu vyetu vya shule huipita kwa sentensi moja. Kama ni kichwa cha twiga, ni Tanganyika ya Mwingereza, kuanzia 1922. Serikali tatu kwa picha moja, ndani ya miaka isiyofika kumi, na ushahidi wote umekaa kwenye kona moja ya juu ya upande unaoitwa nyuma.

Aje sasa mkusanyaji wa stempu. Anailoweka kona ile kwenye maji, au kwa uvivu anaikata na mkasi. Stempu inakwenda kwenye albamu yake, kadi inabaki na kidonda. Mhuri wa posta ulikuwa umeangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya kadi, kwa hiyo nao umepasuliwa. Tarehe imekwenda na huyu, jina la mji limebaki na yule, na hawatakutana tena. Huo ndio uharibifu. Huo ushusheni bei mpaka mchoke, sitawalaumu.

Lakini maandishi? Hata mpangilio wa upande wenyewe unasema jambo. Zamani upande wa anwani ulikuwa wa anwani tu, salamu hazikuruhusiwa kukaa huko. Uingereza iliruhusu ugawanywe kwa mstari 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kabla ya hapo mwandishi alilazimika kubana maneno yake upande wa picha. Kwa hiyo ukiona mtu amejaza salamu kwenye anga ya Dar es Salaam, juu ya minazi, usimwite mchafuzi. Alikuwa anatii sheria za posta, na kwa kutii kwake amekuachia makadirio ya tarehe.

Na kwa karani wa posta, upande wenye anwani na stempu ndio uso wa kadi. Picha ndiyo iko nyuma. Aliyegeuza utaratibu huo ni soko la picha, siyo posta wala mwandishi.

Soko hilo tunajua lilikuwa linauza nini. Zanzibar kulikuwa na studio za Wagoa, akina Gomes, Coutinho na de Lord. Dar es Salaam alikuwepo Mjerumani Walther Dobbertin. Walikuwa mafundi, hilo silipingi, na baadhi ya picha zao ni nzuri mno. Ila kazi ya postikadi ya enzi hiyo ilikuwa kumgeuza mtu kuwa aina: mwanamke wa Kimanyema, mpagazi wa Kinyamwezi, msichana wa Kiswahili. Jina hakuna. Idara ya Nyaraka ya Ujerumani ilipotoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons mwaka 2008, zikiwemo za Dobbertin, iliambatanisha tahadhari kwamba maelezo ya asili ya picha yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au mambo yaliyopitwa na wakati. Wamekiri, na ni uungwana. Basi kama maneno yaliyochapwa hayaaminiki, kilichobaki ni maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Na ndiyo haya soko linayaita uchafu.

Najua mtakachosema, na nimeshaambiwa kwenye mazungumzo ya kahawa: wewe, hizo kadi si waliandika wakoloni wenyewe? Mjerumani anamwandikia mama yake habari za homa na joto, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Mbele ya kadi anajionesha bwana wa nchi, nyuma analia homa. Mbele kuna mandhari tulivu, nyuma anasema meli haijafika, chakula kimepanda bei, fulani amekufa. Mtu anayemwandikia mama yake hajipambi kama anayemwandikia gavana. Sisi tunaosoma barua na shajara za watu kama fasihi tunalijua hilo, ndiyo maana nashangaa tunakubali kununua kadi kwa kipimo cha watu wanaotaka karatasi isiyosema kitu.

Halafu si wote walikuwa Wazungu. Ujiji ni mji wa watu waliosoma chuoni, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi tunazotumia. Muuzaji wa mbali akikuta mistari mitatu ya namna hiyo nyuma ya picha ataandika tu kwamba kuna maandishi, akate bei, amalize. Labda ni salamu. Labda ni deni. Hatutajua, kwa sababu hata kuipiga picha hakuona haja.

Afadhali niseme pia habari ya Dokta Livingstone, mtanisamehe, huku kwetu hata kwenye harusi hatajwi kwa bahati mbaya. Mwaka 1871, kabla hajafika Ujiji ule mwezi wa Oktoba, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake kwa wino wa mimea juu ya kurasa za gazeti la The Standard, akikatisha mistari iliyochapwa. Ndani yake kuna alichokiona Nyangwe Julai 15, watu wakiuawa sokoni. Wino ukafifia. Watafiti walianza kuzipiga kurasa hizo picha kwa mwanga wa aina mbalimbali mwaka 2010 ili maandishi yasomeke upya. Kwa kipimo cha mnada, lile ni gazeti kuukuu lililochafuliwa.

Hayo ni ya minada na makumbusho. Yanayoniuma zaidi ni ya majumbani.

Bibi mmoja jirani yangu huku Bangwe alifiwa na mdogo wake. Familia ikataka picha ya kuweka kwenye bango la msiba. Ilikuwepo moja tu ya ujanani, imebandikwa kwenye albamu ya karatasi nyeusi. Mjukuu akaipeleka stesheneri, kijana wa pale akaibandua kwa nguvu, akaiskani, akasafisha sura kwenye kompyuta, akachapa bango kubwa. Bibi alipoirudishiwa aliigeuza kwanza. Nyuma palikuwa pamechunika, manyoya ya karatasi nyeusi yameganda. "Kulikuwa na maneno ya baba hapa," alisema. Mjukuu akamjibu, "Lakini bibi, sura si imetoka vizuri?" Nilikuwa nimekaa palepale. Bibi hakubishana, aliikunja picha kwenye kitenge chake akaingia ndani.

Kizazi chao ndivyo walivyofanya. Ukipiga picha studio, unaandika nyuma: nampa fulani iwe ukumbusho, mahali, tarehe, sahihi. Ilikuwa barua yenye sura. Picha zilivuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira, zikapanda kwenda Bujumbura, zikarudi na maneno ya huko. Katika mkoa ambao mtu mzima anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa ziwa, mstari mmoja wenye mahali na mwaka siyo pambo. Sura haiwezi kujibu swali hilo.

Wasomi wameanza kuamka. Prita Meier, katika kitabu chake cha 2024 juu ya historia ya picha pwani ya Waswahili, anazichukua picha kama vitu vya kushikwa, kupambia nyumba na kusafirishwa, siyo madirisha tu ya kuchungulia zamani. Vizuri. Lakini wenye skana ni vijana wa stesheneri, siyo maprofesa, na hao hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo wanaouza waweke pande zote mbili na watenganishe kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Wanaoandaa maonesho waache kubandika postikadi ukutani, waziweke kati ya vioo viwili mtu aweze kuzunguka. Wanaoskani za familia wasibandue: albamu ya karatasi nyeusi unaikata ukurasa mzima, unamwachia mwenye ujuzi wa karatasi. Na kabla ya kuipeleka popote, muulize mwenye nayo anakumbuka kilichoandikwa nini, uandike kwenye daftari, kwa sababu yeye anaweza kuwa nakala pekee iliyobaki.

Ninyi mlioko nje mnaonunua hizi kadi, na najua mpo, mnaniandikia: ombeni picha ya nyuma kabla ya kuuliza bei. Kwa sasa zilizoandikwa ni rahisi kuliko zilizo safi. Nunueni hizo kabla hawajashtuka. Na mkipata yenye mhuri wa Ujiji au Kigoma, hata kama imechanika vipande viwili, nitumieni picha ya upande huo. Ule wa ziwa msihangaike nao, nauona hapa dirishani.